Bahari ya Mndimu

Watu wa Chokocho hawakujua waniambie nini, na mimi sikuwasaidia. Mwanamke anaingia uani, anavua viatu, anakaa mkekani, anaushika mkono wangu, halafu anakwama. Aseme "Mungu amrehemu"? Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, Bi Time, yuko jikoni hapo hapo, masikio kayatega, na mbele yake hakuna anayethubutu kumwombea rehema mwanawe Suhail. Aseme "Mungu amrudishe salama"? Hilo nalo mtu mzima na akili zake hawezi kulitoa bila kutazama chini. Jirani yetu Mwanawema ndiye aliyekuwa fundi kuliko wote. "Mungu amfanyie lenye kheri," akasema, kisha akapumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Weye ulikosea njia," nikamwambia. "Ungeingia siasa."

Hakucheka. Na mimi sikucheka, ingawa nilijua nimesema jambo la kuchekesha. Ndivyo nilivyokuwa kipindi kile. Kitu nakiona, jina lake nalijua, lakini hakinifikii. Siku moja nilijikata kidole kazini, damu ikatiririka mpaka kwenye kanga, nikaitazama tu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Ulimi ndio uliobaki hai, na ulimi wangu tangu kwetu Wawi unajulikana.

Habari yenyewe ni fupi. Suhail, mume wangu, alikuwa fundi wa umeme wa jua. Alikwenda kisiwani, ng'ambo ya mkondo, kutengeneza umeme wa hoteli moja ya wageni, akapanda boti ya faiba ya binamu yake Jabir. Wakati wa kurudi wimbi likaipiga boti ubavuni, ikapinduka. Jabir na mfanyakazi mmoja wa hoteli waliishikilia mpaka wakaja kuokolewa. Suhail hakuonekana. Walimtafuta wavuvi, wakamtafuta wazamiaji, wakamtafuta askari. Walirudi na kiatu kimoja, na hakikuwa chake.

Sasa, mtu akifa anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa, na mkewe anakaa eda. Kila mtu anajua pa kukaa na la kusema. Mtu aliyepotea baharini bila ya mwili kuonekana, hiyo ni habari nyengine. Tulikwenda kwa kadhi. Kadhi akawasikiliza Jabir na mwenziwe, akawauliza huku na huku, akasema ushahidi kwake umetosha: yuko tayari kutoa hukumu, iswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, nami nianze eda yangu. Hapo Bi Time akasimama.

"Mie ndiye niliyemzaa," akasema. "Maiti sijaiona. Mkimswalia mwanangu naye yu hai, dhambi itakuwa shingoni mwenu nyote."

Kadhi ni mtu wa huruma. Akasema basi, mama apewe muda. Siku atakayoridhia, waje wamwambie, hukumu itatolewa. Muda ukapewa yeye, kuukaa nikaukaa mimi. Sikuwa mke na sikuwa mjane. Nikivaa kanga ya rangi, watu wananitazama. Nikivaa nyeupe, Bi Time ananitazama. Wanawake wenzangu wanaiogopa eda, wanaona ni kifungo. Mimi niliitamani. Nilitaka nifungiwe chumbani, niambiwe huyu kafa, kaa hapa, lia mpaka umalize. Nilikuwa na yakini kwamba nikiambiwa hivyo nitaweza kulia. Nilichokitaka duniani kilikuwa hicho tu, na aliyekishika ni bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akikaa jikoni kwangu.

Kila adhuhuri alimpakulia mwanawe chakula. Wali, samaki, kipande cha muhogo, anaweka sahani upande wa Suhail wa mkeka, anaifunika kwa kawa. Hatuli mpaka amefunika. Alasiri anaifunua, anawapa kuku. Wale kuku walinenepa mpaka wakawa hawawezi kuruka ukuta.

"Mama," nikamwambia siku moja, "hata kama angekuwa hai, chakula cha leo asingekikuta cha moto."

"Hata kama?" akasema. "Hata kama nini?"

Nikarudi kwenye kazi yangu.

Kazi yangu ni kuchora mti kwa ajili ya kupiga chapa. Si nakshi za milango. Hizo alikuwa akizifanya baba. Mimi nachukua mti mgumu, naukata kwa kukingama kama unavyokata muhogo wa futari, nafanyia kazi uso ule unaoonyesha miaka yake. Naupiga msasa mpaka unateleza. Kisha natia mistari kwa kalamu ya chuma, nyembamba, yenye mpini wa mviringo unaokaa kiganjani, huku mti umelala juu ya mfuko wa mchanga ili niweze kuugeuza. Haugeuzwi mkono, unageuzwa mti. Nikimaliza napaka wino mweusi kwa rola, naweka karatasi, nasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Watu wananiuliza kila siku, "Zuweina, mbona bahari yako haina buluu?" Nawaambia buluu iko nyuma ya nyumba, kaitazameni mpaka mchoke.

Kibao kile nilikianza Suhail yupo. Ni mndimu uliokauka uani kwetu Wawi. Shina la mndimu ni jembamba, halitoshi bahari, kwa hiyo Suhail aliukata vipande, akavipanga ubavu kwa ubavu, akavigandisha kwa gundi na kuvibana mpaka usingeweza kuona ulipoungwa. Nilichora mkondo wetu kama unavyoonekana ukisimama ufukweni: pwani huku, kisiwa kule, na katikati maji. Nilichora kwa kutazama kioo, kwa sababu chapa inageuza kila kitu, na watu wa hapa ukiwawekea kisiwa upande usio wake hawatakuachia. Sikutia chombo wala mtu. Maji tu, kila mkunjo wake.

Baada ya ajali, Ruweida, dada yake Suhail, alidhani nitakitupa. "Utawezaje, wifi? Bahari hiyo hiyo?"

"Nitawezaje nini? Huu ni mti," nikamwambia.

Na kweli. Nilikaa barazani asubuhi mpaka jioni nakata mawimbi. Wimbi ni mstari, na kando yake mstari, na kando yake mwengine mwembamba zaidi, mpaka jicho linauma. Napaka poda ya mtoto ili iingie kwenye michoro nione nilikofika, napuliza, naendelea. Sikuwa nalia wala sikuwa namuwaza. Mtu akipita anasema maskini, anajiliwaza kwa kazi. Sikuwa najiliwaza. Mikono ilikuwa inataka kwenda nami nikaiacha iende. Bi Time hakukitazama kibao hata mara moja. Mwanamke yule kakua kwenye maji, kaokota chaza na pweza ujana wake wote, lakini tangu siku ile hakushuka tena pwani. "Sitaki kuiona bahari," alisema, "ya maji wala ya mti."

Siku tuliyogombana, Shehe Nyange, imamu wa msikiti wetu, alikuja kumsalimu Bi Time. Akaongea naye kwa upole, kwamba anayekufa maji ana daraja ya shahidi, kwamba maiti ana haki ya kuswaliwa, tusimcheleweshee haki yake. Bi Time akamsikiliza, akampa kahawa, akamshukuru, na alipoondoka akanigeukia mimi.

"Weye ndiye uliyemwita."

"Sikumwita, mama. Lakini angeniuliza, ningemwambia aje."

"Haraka ya nini? Hebu niambie. Una mtu anakungoja huko kwenu Wawi?"

Ruweida alikuwa anachambua mchele. Sinia likamponyoka, mchele ukatapakaa uani kote. "Mama! Astaghfirullah! Mama, maneno gani hayo?" Akaanza kulia yeye, na si yeye aliyetukanwa. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, nikangoja hasira ije. Ningekuwa mzima ningepasua kitu, ningefunga virago siku ile ile, na Wawi yote ingesikia. Hasira haikuja. Nikasema, "Sina mtu, mama. Nilikuwa naye mmoja," nikainama nikakata wimbi jengine. Likatoka zuri, lililonyooka. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba mkono haukutetemeka.

Ndipo nikamwita Jabir.

Jabir alikuwa hapiti tena mbele ya nyumba yetu. Akienda msikitini anazungukia nyuma, kwenye migomba. Nilimtumia ujumbe kwa simu: njoo, sitakuuliza neno baya. Akaja mchana, Bi Time yumo ndani anaswali, akasimama nje ya baraza kama mdaiwa. Kajaa tele, mabega mapana, na hawezi kuniangalia usoni.

"Panda ukae, shemeji," nikasema. "Sikung'ati. Meno yamekwisha."

Akakaa ukingoni. Nikamwekea kibao mapajani, kimepakwa poda, kila mstari unaonekana mweupe. Nikamwambia huku pwani, huku kisiwa. Mti umegeuka, usichanganyikiwe. Akakitazama kwa muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku, midomo inamcheza.

"Nionyeshe," nikasema.

"Dada Zuweina..."

"Kadhi ulimwonyesha. Polisi uliwaonyesha. Mie ndiye mkewe."

Akaweka kidole. Nilikuwa sijakata hapo bado, palikuwa patupu, pamesalia baina ya mkondo na kisiwa. "Pale," akasema. "Kichwa kilitoka mara moja. Aliniona. Nilinyoosha mkono, wallahi dada, nilinyoosha. Halafu hakikutoka tena." Akakiondoa kidole haraka na kwenye poda pakabaki alama yake. Akaondoka bila kuaga, na mimi sikumlaumu.

Nikaendelea na kazi kuizunguka alama ile. Kila asubuhi nasema leo nitakata na pale, pale si chochote, ni maji kama maji mengine. Kalamu inafika ukingoni, inageuka. Mwisho kibao chote kikajaa mistari ila pale tu. Nikaona basi, nimemaliza.

Nilipiga chapa ya kwanza siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikaanza kusugua kwa kijiko. Kile kijiko kina sauti yake, kinakwaruza kwaruza kama mtu anayekomba sufuria, na nadhani hiyo ndiyo iliyomtoa Bi Time ndani. Akasimama nyuma yangu. Sikugeuka. Nikaishika karatasi kwa ncha mbili, nikaibandua polepole, nikaiweka juu ya meza.

Nasema kweli, sijapata kufanya kazi nzuri kama ile. Maji yalikuwa yanakwenda. Ungeweza kuona pale mkondo unapogombana na upepo, na pale maji yanapotulia chini ya kisiwa. Niliona yote hayo, kisha nikaanza kufuta rola.

Bi Time akaisogelea. Akavuta kanga akafuta macho, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaifuata pwani kwa kidole bila kuigusa, akavuka mkondo, akasimama.

"Hapa mbona peusi?"

"Hapakukatwa, mama. Nilipokata ndipo panapotoka peupe. Nisipogusa panatoka peusi."

"Umesahau?"

"Sikusahau."

Alikuwa mtu wa kuelewa haraka, Bi Time, siku zote. Niliona mgongo wake unakakamaa. "Nani kakwambia ni hapa?"

"Jabir."

Kuku wakaja mlangoni, kwani saa yao ilikuwa imekaribia, akawafukuza kwa mguu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Basi pakate."

"Mama..."

"Si umesema ukipakata panakuwa peupe? Pakate. Umemwacha gizani mwanangu, Zuweina. Mtoe."

Ningeweza kupakata. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Angeridhika, angerudi jikoni, angempakulia kesho na keshokutwa, nami ningeendelea kukaa kwenye muda wake mpaka ninywee. Na kukataa ningeweza pia, nikamwambia kwa ukali kwamba huu ni mti, mama, mwanao hayumo humu. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Sijui kwa nini sikuyasema. Nilichukua kalamu nikampa yeye.

"Kata weye, mama."

Akaishika kama anayeshika kisu cha kuparia samaki. Nikamgeuzia mkono, nikauweka mpini kiganjani mwake, nikamwonyesha jinsi kidole gumba kinavyozuia. Akaweka ncha katikati ya pale palipokuwa pamebaki, akasukuma. Mndimu mkavu si mchezo. Ncha haikuingia. Akasukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka, anasema "Bismillahi, Bismillahi," chini kwa chini, na mimi nikashika kibao kwa mikono yote miwili kisimkimbie. Kalamu ikazama kidogo, ikateleza, ikaacha mstari mmoja uliopinda, mfupi kama ukucha. Akatupa kalamu.

"Piga," akasema.

Nikapaka wino. Nikaweka karatasi nyengine, nikasugua. Ruweida alikuwa kashatoka chumbani, kasimama mlangoni kashika kifua. Nikabandua.

Bi Time akaishika karatasi yeye mwenyewe, wino ukamwingia vidoleni, akaipeleka mwangaza uliko. Akatafuta. Niliona macho yake yanakwenda pale, yanapita, yanarudi, yanatafuta tena. Mstari wake ulikuwepo. Ulikuwa mweupe, umepinda kidogo, umelala juu ya weusi. Usingejua kuwa umekatwa na mkono mwengine.

"Limekuwa wimbi," akasema.

Ruweida akasogea kuitazama.

"Nimemkatia njia, limekuwa wimbi. Wimbi kama hayo mengine." Akaitazama tena. Akaiweka mezani, akainyoosha kingo zake taratibu, kama mtu anayetandika. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha, bila kutugeukia: "Ruweida. Nendeni kwa kadhi. Mwambieni mama mtu karidhia. Na Shehe Nyange aambiwe, kesho baada ya Ijumaa mwanangu aswaliwe."

Neno hilo nililitaka kuliko chakula. Nililala nalo, niliamka nalo, nililigombania, nikatukaniwa hilo. Nikafungua mdomo niseme ahsante, mama. Nikaisikia sauti yangu inasema kitu chengine kabisa.

"Bado, mama. Tungoje kidogo. Wale wazamiaji wamesema wenyewe chini kule hawakufika. Na watu wanaokotwa na meli, mama, wanashushwa bandari za mbali, simu hawana, huchukua muda mtu mpaka..."

Ruweida akanitazama kama niliyerukwa na akili. Nilijua ninachokisema ni upuuzi. Nilikijua neno kwa neno, na hakikukoma.

Bi Time akaja akanishika uso kwa mikono yake miwili, wino na yote. Ilinishika barabara.

"Zuweina," akasema. "Mwanangu. Mumeo kafa."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kadhi alisema ushahidi, Jabir alisema pale, shehe alisema daraja, na mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu wote huu, sikuwa nimelitoa neno lile pamoja na jina lake. Nikamwambia asiseme. Nikampigia kelele, nikamwambia anyamaze, tena nyamaza, mimi niliyetaka lisemwe. Akalisema tena, polepole, kanishikilia, mpaka nikakaa sakafuni, naye akakaa pamoja nami, nikalia.